Akisahau Kila Kitu, Bado Ni Yeye?

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Nashukuru kupewa nafasi hii, na kwa vile mada ni nzito na muda hautoshi sitazunguka, ntaanza na kesi ya kweli.

Mwaka 1985 huko Mobile, jimbo la Alabama, Marekani, bwana mmoja anaitwa Vernon Madison alimpiga risasi askari polisi akamuua. Akakamatwa, akahukumiwa kifo, akakaa gerezani zaidi ya miaka thelathini anasubiri. Mwaka 2015 na 2016 akapata viharusi, ubongo ukaharibika, akawa na dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na akili, macho hayaoni vizuri, kutembea mwenyewe hawezi, na mawakili wake wakaiambia mahakama kwamba huyu mtu hakumbuki kabisa kama aliwahi kuua. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na Februari 2019 majaji wakaamua, watano kwa watatu, kwamba kutokukumbuka kosa peke yake hakumuepushi mtu na hukumu ya kifo, ila kama ugonjwa umemfikisha mahali hata haelewi ni kwa nini anauawa, hapo katiba hairuhusu. Wakairudisha kesi Alabama ikaangaliwe upya. Mwaka uliofuata Madison akafia gerezani, hukumu haijatekelezwa.

Sasa jamani, yule mzee aliyekuwa amelala pale kitandani ndo yule aliyefyatua risasi mwaka 1985? Makaratasi yanasema ndiye. Alama za vidole zinasema ndiye. Lakini ukimuuliza mwenyewe, ndani hamna kitu, lile tukio kwake ni kama habari za mtu mwingine. Tunamuadhibu nani hapo? Na swali hilihili wengi mnalo nyumbani bila kesi wala polisi, kila mwenye mzazi ambaye ameanza kusahau majina ya watoto wake analijua, anakaa naye, anamlisha, anamuangalia usoni, na moyoni anajiuliza huyu bado yupo au alishaondoka.

Mi nimekuja hapa kusema yupo. Ila nataka niseme kwa hoja, sio kwa huruma tu, kwa sababu kuna watu wenye akili sana waliosema kinyume na hoja zao ni nzito.

Wa kwanza ni John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, ambaye mwaka 1694 alitoa toleo la pili la kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu na ndani yake akaongeza sura nzima juu ya jambo hili. Locke anasema mtu, kwa maana ya yule anayebeba lawama na sifa, ni kiumbe anayefikiri na anayeweza kujiona ni yeye yuleyule leo na jana, hapa na kule. Kinachomuunganisha na jana ni ufahamu wake, yaani pale ufahamu unapoweza kurudi nyuma ukashika tendo la zamani na kusema hili nilifanya mimi, basi mtu yuleyule amefika hadi pale. Mwili sio hoja. Anatoa mfano wa roho ya mwana wa mfalme ikaingia na kumbukumbu zake zote kwenye mwili wa fundi viatu, halafu anauliza, tutamdai nani kwa matendo ya mwana wa mfalme? Kila mtu anaona jibu, huyo mwenye mwili wa fundi na kumbukumbu za ikulu.

Na Locke hakukwepa ugumu wa neno lake. Akajiuliza, mbona mlevi akifanya kosa na asubuhi hakumbuki tunamfunga? Akajibu kwamba mahakama za binadamu haziwezi kutofautisha anayesahau kweli na anayejifanya, tendo linathibitika lakini kusahau hakuthibitiki, kwa hiyo wanamfunga, ila siku ya hukumu ya mwisho siri za mioyo zikifunuliwa hakuna atakayejibu kwa jambo asilolijua. Ukimpelekea Locke kesi ya Madison, naona angesema gereza linamshikilia mtu mwingine. Hiyo ndo gharama ya nadharia yake na mi namheshimu kwa kutoificha.

Lakini nadharia ina shimo. Mwaka 1785 Mskochi Thomas Reid alilionyesha vizuri sana. Chukua mtoto aliyechapwa viboko shuleni kwa kuiba matunda kwenye bustani. Akakua, akawa ofisa wa jeshi, akateka bendera ya adui vitani. Akazeeka, akawa jenerali. Yule ofisa siku anateka bendera alikuwa anakumbuka viboko. Jenerali anakumbuka bendera, ila viboko vimefutika kabisa. Kwa Locke basi jenerali ni yuleyule ofisa, ofisa ni yuleyule mtoto, halafu jenerali sio yule mtoto! Haiwezekani, A ni B, B ni C, afu A sio C, hesabu gani hiyo.

Wafuasi wa Locke wakaziba kwa kusema basi tusidai kumbukumbu ya moja kwa moja, inatosha mnyororo, leo inakumbuka jana, jana ilikumbuka juzi, hivyo hivyo mpaka utotoni. Na ndani ya mnyororo wakaongeza tabia, nia, mapenzi, imani, sio kumbukumbu peke yake. Hapo nadharia imekuwa ngumu kuivunja. Ila nadhani bado tunaiamini kumbukumbu kupita kiasi, na nataka niwaonyeshe watu wawili ambao mnyororo wao wa kumbukumbu ulikatika kwelikweli.

Henry Molaison alikuwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wakamtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, pale ubongo unapotengenezea kumbukumbu mpya. Degedege zikapungua ila kuanzia siku ile mpaka anakufa 2008 hakuweza tena kutunza tukio jipya, ukitoka chumbani ukarudi baada ya dakika chache anakusalimia upya kama hamjawahi kuonana. Mtaalamu Brenda Milner akampa kazi, achore nyota kwa kufuata mistari huku anautazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribuni siku moja muone, mkono unakwenda kinyume na unavyotaka, kila kona ya nyota kalamu inapotea. Siku ya kwanza akahangaika kama mtu yeyote. Siku ya pili akaanza vizuri zaidi, ya tatu karibu anachora safi kabisa, na kila siku anasema hii kazi hajawahi kuiona maishani mwake! Mwenyewe akashangaa mbona ni rahisi kuliko inavyoonekana. Mkono ulikuwa unajua. Yaani kuna kitu kilimfuata kutoka jana kikafika leo bila kupitia pale tunapopaita kumbukumbu.

Wa pili ni Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, bingwa wa muziki wa kale. Machi 1985 virusi vilishambulia ubongo wake, vikamuachia kumbukumbu ya sekunde chache tu, nusu dakika ikizidi sana. Alikuwa na daftari. Anaandika saa na dakika, na pembeni kwamba sasa ndo nimeamka kweli, kwa mara ya kwanza. Baada ya dakika kadhaa anaona ile sentensi, mwandiko ni wake lakini hakumbuki kuiandika, anaikata kwa hasira na chini yake anaandika saa mpya na maneno yaleyale, sasa ndo nimeamka. Kurasa na kurasa ziko hivyo, mistari iliyokatwa. Ukisoma hizo kurasa tu utasema mtu alishakufa, kimebaki kivuli. Ila mkewe Deborah akiingia mlangoni, hata kama alitoka dakika tano tu, Clive anamrukia kwa furaha kama mtu aliyekutana na mpenzi wake baada ya miaka. Na ukimuweka kwenye piano anapiga, ukimpa kwaya anaiongoza, anajua wapi pa kuvuta na wapi pa kushusha. Ndani ya muziki anadumu dakika nyingi mfululizo ilhali nje ya muziki hadumu dakika moja.

Mnaonaje hapo? Mi naona kumbukumbu ya matukio ni chumba kimoja tu. Kikiungua, nyumba haijaisha.

Kuna wanaosema basi tuache haya ya akilini, mtu ni mwili, ni mnyama hai, na anadumu kadri uhai wa mwili ule unavyoendelea. Mwanafalsafa Eric Olson aliitetea hoja hiyo kwa nguvu mwaka 1997 na ina uzuri wake, inamfanya mgonjwa wa dimensia kuwa yuleyule bila ubishi, na wewe kuwa ndiye yule mtoto mchanga ambaye hukumbuki chochote chake. Na kabla hujaniambia mwili unabadilika wote kila miaka saba, hiyo sio kweli, chembe nyekundu za damu zinaishi kama siku 120, ngozi ya ndani ya utumbo ni siku chache tu, ila seli nyingi za neva kwenye gamba la ubongo unazaliwa nazo na unakufa nazo. Shida yake ni moja, ubongo wako ukihamishiwa mwili mwingine karibu kila mtu anahisi wewe umekwenda na ubongo, hujabaki na kiwiliwili. Sasa siutupi mwili, nasema haujibu peke yake.

Halafu kuna utafiti ambao mi ulinigusa sana. Mwaka 2015 Nina Strohminger na Shaun Nichols walichapisha kazi waliyofanya na ndugu wa wagonjwa, wagonjwa wenyewe wa aina tatu, wenye Alzheimer, dimensia ambayo inaanza kwa kuharibu kumbukumbu, wenye ile dimensia inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo na kuharibu tabia, na wenye ugonjwa wa neva unaoua misuli na kwa sehemu kubwa unaiacha akili salama. Wakawauliza, huyu ndugu yako bado unamuona ni yuleyule? Waliosema sio yule tena zaidi ya wote ni ndugu wa wale wa tabia. Kumbukumbu kupotea peke yake haikuwasumbua sana, kilichowafanya waseme simjui tena ni kupotea kwa huruma, uaminifu, haya, yaani utu wema. Ukifikiria ni kweli, mama akisahau jina lako lakini akikuona unalia anakushika kichwa, hapo mama hajaondoka.

Ila utafiti huu nao tusiukimbilie mpaka mwisho, maana unaweza kutumika vibaya. Mnaijua habari ya Phineas Gage? Tarehe 13 Septemba 1848 huko Vermont, alikuwa msimamizi wa kazi ya kupasua miamba ya njia ya reli, baruti ikalipuka ikarusha fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita hivi, ikaingia shavuni ikatokea utosini. Akapona. Daktari wake akaandika kwamba rafiki zake walisema huyu sio Gage tena, amekuwa mkali, matusi, haaminiki. Karibu kila anayesimulia anaishia hapo. Wanasahau kwamba baadaye Gage alikwenda Chile akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi ya kushika hatamu za farasi wengi, kubeba abiria na kufuata ratiba. Mtu asiyeaminika kabisa hadumu kwenye kazi ile. Walimfungia faili mapema mno. Na kimantiki pia, unaposema Gage amebadilika tayari umekubali kuna Gage mmoja aliyekuwa hivi akawa vile, angekuwa ni mtu mwingine kusingekuwa na mabadiliko yoyote ya kulilia.

Sasa lazima nimtaje mwanafalsafa Derek Parfit, maana huyu ndiye aliyenitesa kuliko wote. Katika kitabu chake cha 1984 anakwambia ingia kwenye mashine, inasoma kila seli yako, inauharibu mwili wako, inatuma taarifa sayari ya Mars na huko unaundwa mpya kila kitu sawasawa mpaka kidonda ulichojikata asubuhi wakati wa kunyoa. Umesafiri au umekufa? Wengi wanasema umesafiri. Haya, siku nyingine mashine mpya inasoma tu bila kuuharibu mwili, unatoka uko palepale duniani na yule wa Mars naye yupo, kisha unaambiwa mashine imeharibu moyo wako, una siku chache. Yule wa Mars anaongea na wewe kwenye skrini, anakupa pole, anakuahidi atampenda mke wako, atalea watoto wako, atakimalizia kitabu chako. Unafarijika?

Wengi tunaingiwa na baridi hapo. Parfit anasema tusiingiwe. Nyie wawili hamuwezi wote kuwa yule mmoja wa asubuhi, lakini kila kilichokuwa cha thamani kwenye kuendelea kwako kipo Mars, kwa hiyo swali la ni mimi au sio mimi halina uzito tunaoupa, chenye uzito ni kuendelea kwa akili na mapenzi, na hicho kinaweza kuwa kingi au kidogo, sio ndiyo au hapana tu. Alisema kuamini hivyo kulimfungulia, kulimfanya apunguze kuogopa kifo na awajali watu wengine zaidi.

Nusu yake naikubali. Kwamba kudumu kunakuja kwa viwango, nakubali, na kunasaidia sana mtu anayemuuguza mgonjwa kuacha kutafuta ile siku moja ambayo baba aliondoka, maana siku hiyo haipo. Nusu ya pili siiwezi, na sababu yangu ni yule mke. Parfit anaangalia kutoka ndani, je mimi nimepoteza nini. Mgeukie mke aliyebaki duniani na mumewe anakufa mikononi mwake, mwambie usilie kuna mwingine sawasawa kabisa anakuja na chombo cha jioni. Atalia. Na ana haki, kwa sababu hakupenda orodha ya sifa, alimpenda huyu, mwenye historia hii waliyoipitia pamoja. Mapenzi yanashika mtu mmoja mahususi na ukimbadilishia yanajua.

Hapo ndo nadhani wanafalsafa wengi wa mstari ule walikosea tangu mwanzo, walimtafuta mtu ndani ya kichwa chake peke yake. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, mwaka 1969 aliandika kwamba katika fikra za Waafrika wengi mtu ni kwa sababu watu wapo, na kwamba hata akifa anaendelea kuwa hai kwa namna yake maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Hilde Lindemann, mwanafalsafa Mmarekani, kutoka upande mwingine kabisa wa dunia, mwaka 2014 akaeleza kwamba kila mtu anashikiliwa katika utu wake na wenzake, kwa hadithi wanazozijua juu yake na wanavyomtendea, na kwamba mtu akishindwa kujishika mwenyewe wengine wanaweza kumshika. Na kuna kushika vibaya, naomba niliseme hilo. Familia inaweza kumshika mtu kwenye sura ya zamani aliyoiacha, aliyetoka jela wanamuita mwizi miaka ishirini, au mgonjwa wanamlazimisha kila siku kukumbuka mpaka analia. Kumshika mtu vizuri ni kujua pia alipofika leo.

Na leo ndo penye ugomvi mkubwa. Mwaka 1993 mwanafalsafa wa sheria Ronald Dworkin aliandika juu ya mama mmoja mwenye Alzheimer, jina la kufichwa Margo. Ana kitabu anakisoma, ila kila siku alama yake iko ukurasa mwingine kabisa, anachora picha ileile kila siku, na mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa anamtembelea alisema ni mmoja wa watu wenye furaha kuliko wote aliowahi kuwajua. Tuseme zamani, akili timamu, aliandika kwamba akifikia hali hii asitibiwe, aachwe afe. Anapata nimonia ambayo dawa yake ni rahisi. Tufuate nani? Dworkin anasema yule wa zamani. Mtaalamu wa sheria Rebecca Dresser akampinga, akasema mbele yetu yuko huyu mwenye furaha, tumuangalie huyu. Na haya hayakubaki kwenye vitabu, Uholanzi mwaka 2016 daktari alimaliza maisha ya mama mwenye dimensia kwa kufuata karatasi aliyoiandika mapema, akashtakiwa, na Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikasema hakutenda kosa.

Watu wanadhani hapa ukisema ni mtu yuleyule basi karatasi inashinda, na ukisema ni mtu mwingine karatasi haina nguvu. Mi nasema ni yuleyule, na kwa sababu ni yuleyule ana haki ya kubadilisha mawazo kama kila mmoja wetu, na hahitaji kukumbuka wazo la zamani ili aliache. Margo akimeza dawa kwa hiari yake na akageuza ukurasa huku anatabasamu, hiyo nayo ni sauti ya Margo, sio kelele za ugonjwa. Kwa hiyo nikiombwa ushauri na familia inayoandika karatasi ya namna hii nawaambia orodha ya hali na matibabu andikeni, ni nzuri, lakini andikeni pia nani atakaa karibu, nani anajua akikunja mkono vile maana yake anaumwa na akinyamaza vile maana yake ameridhika, na huyo mpeni mamlaka ya kusema hapana kwa karatasi yenyewe. Kama kuna maswali nayapokea, na kama kuna anayemuuguza mtu sasa hivi naomba aanze yeye.